Nilivyowaambia Kwamba Hatumtegemei Mtu

Rukia, Claudine, na ninyi wengine tunaokaa nyuma darasani, mmeniuliza mara nyingi. Ulaya nilikula nini, baridi ilikuwaje, kama kweli ndege inatikisika. Kila mara nimejibu "ilikuwa poa tu" kisha nikainama kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Claudine, wewe unaujua mwisho kwa sababu ulitokea kwenu, ila katikati hukujui. Naandika kwa sababu nikisimulia kwa mdomo nitaruka kipande kimoja, na nakijua ni kipi.

Mambo ya pasipoti na fomu nayaacha. Insha yangu ilipendwa na watu fulani, nikaalikwa Brussels pamoja na Miss Govender, mwalimu wetu wa jiografia, kwenye mkutano wa siku tatu. Wakubwa wa huko walitaka iandikwe kwamba lengo la sera za Ulaya ni ustawi wa jamii, watu waishi vizuri, mambo yasiishie kwenye biashara na sarafu. Sasa walikuwa wanabishana huo ustawi ni nini hasa. Wakaita vijana wachache, wa kwao na wa mbali, waseme kuishi vizuri ni kuishi vipi. Wakaniita mimi, ambaye hata jina langu likiitwa asubuhi naitikia kwa kunong'ona.

Korido yetu

Wengine hamjawahi kufika kwetu Point, hapa hapa Durban, kwa hiyo nieleze. Ni ghorofa ya tatu ya jengo la zamani upande wa bandari, vyumba vinane kwenye korido moja, jiko moja mwishoni. Baba yuko ghala la Mobeni kwa shifti, mama anashona kwenye duka la Umbilo Road mpaka jioni. Familia zenye watoto ni nne, na wazazi wamejipangia zamu ya sufuria. Mwenye zamu anapikia watoto wa korido nzima, wengine siku hiyo hawawashi moto. Mama yangu ana Jumatatu tu. Mama Espe, mama yake Claudine, ana Jumanne na Alhamisi, kwa sababu anasuka nywele saluni na siku hizo anatoka mapema.

Chakula kikiiva, mwenye zamu anasimama mlangoni anaita. Mama Espe ni wa Bukavu, anaita kwa Kiswahili chao, "Batoto, mukuye!" yaani watoto njooni, na sauti inafika mpaka ngazi za chini. Hakuna anayefunua sufuria kabla ya kuitwa, hata njaa ikuume vipi. Tukimaliza, watoto ndio wanaosugua. Sufuria ya Mama Espe ndiyo tunayoiogopa, maana bugali wake, yaani ugali, unashika ukoko mweusi kama lami. Nakiri niliwahi kujificha chooni kuikwepa.

Jambo jingine, na hili naomba mlikumbuke. Sisi ni Waislamu, Mama Espe ni mlokole. Ana sufuria mbili, na ile kubwa haijaguswa na nguruwe tangu tuhamie. Hakuna aliyemwomba.

Habari ya safari ilipoenea, kila mlango ulitoa kitu. Sanduku hapa, soksi pale. Mama Espe alitoa koti lake refu la sufu, la kahawia, alilokuja nalo kutoka milima ya kwao na ambalo Durban halina kazi hata Julai wakati wa baridi. Alinivalisha, akanigeuza kama fundi anayepima, akasema, "Utabaambia bile tunaishi huku. Usisahau."

Nikasema sawa. Mama akanikumbusha nilitunze, maana koridoni kwetu kitu cha kuazima hakirudi kitupu. Bakuli likija na mboga linarudi na limau, au hata na chumvi.

Durban hadi Johannesburg

Basi lilikwama mlima wa Van Reenen. Kulikuwa na ukungu mzito na lori limelala katikati ya barabara, tukakaa saa tatu bila kusogea. Miss Govender alikuwa mbele anasahihisha madaftari. Kando yangu alikaa bibi mmoja wa Kizulu mwenye ndoo ya amagwinya, yale maandazi makubwa ya mafuta. Akafunua, harufu ikajaa basi zima, akanipa mawili.

Nikasema asante, nimeshiba. Sijui kwa nini nasema hivyo kila mara. Tumbo likanguruma hapo hapo, kwa sauti, mpaka kijana wa kiti cha mbele akageuka. Bibi akacheka, akaniambia kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu kwamba tumbo langu lina adabu kuliko mimi, lenyewe likisemeshwa linajibu. Bado nikakataa. Akayala yote mawili huku ananitazama, polepole, kama anayenifundisha kitu.

Angani

Kwenye ndege nilikaa dirishani. Kati yangu na njia alikuwepo bwana mnene aliyelala kabla hatujaruka. Sikumwamsha. Jamani, nilibana mkojo kutoka Johannesburg mpaka kunapambazuka, nikihesabu taa ndogo kwenye bawa, kwa sababu ya kuona haya kumgusa mtu bega. Nyama iliyoletwa sikujua ni ya nini na sikuuliza. Nilikula mkate na biskuti. Kwenye diari yangu siku ile nimeandika, "Sijamsumbua mtu." Niliandika kwa fahari.

Nyumbani kwa Madamu Odile

Tulifika asubuhi. Kwenye kituo cha treni kulikuwa na bango kubwa la kuchangisha msaada, na picha ya mtoto mweusi mwenye macho makubwa na bakuli tupu. Watu wote walilipita. Mimi nilipita nikiwa nimeinua kola ya koti la Mama Espe, kama vile picha ingenitambua.

Miss Govender alipelekwa kwa mwalimu mwenzake, mimi kwa Madamu Odile, mjane wa miaka sabini hivi, mwembamba, msafi, anayesema Kiingereza pole pole. Nyumba yake ina vyumba vinne na anaishi peke yake. Akanizungusha, akanionyesha jiko, akafungua friji na kabati, akasema hii ni nyumba yangu, nijihudumie. Nikajua ni maneno ya adabu. Na sisi tunamwambia mgeni nyumba ni yako, kisha tunaingia jikoni kumpikia.

Basi nikaenda kukaa kitandani kusubiri kuitwa.

Saa sita harufu ya supu ikaja. Nikanawa mikono nikakaa tayari. Nikasikia kijiko kikigonga sahani, redio inaongea, kisha maji ya kuoshea vyombo. Hakuna aliyeita. Nikawaza labda huku watoto wanakula baadaye. Saa kumi nikasikia chai. Hakuna aliyeita. Jioni kukawa na kitu cha vitunguu, nikalia kidogo kwenye mto. Halafu nikatoka kunywa maji ya bomba, na Madamu Odile akanikuta nimeshika sinki kwa mikono miwili.

Akauliza kama chakula chake sikipendi. Sauti yake ilikuwa imeumia. Kumbe siku nzima na yeye alikuwa anasubiri nije mwenyewe.

"Hukuniita," nikasema.

Akacheka, kisha kicheko kikakatika. Akaniketisha, akanimiminia supu ya mbogamboga, akaniuliza kwetu nani anaita. Na kwa sababu tulikuwa wawili tu, nikamweleza kila kitu, zamu, korido, Mama Espe mlangoni na ile sauti yake. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mgeni. Akaniambia tangu mumewe afariki hajamwita mtu kula katika nyumba ile, kwamba amesahau kuwa ni kazi. Kila Jumatatu manispaa inamletea mtu wa kumfanyia usafi. Ana pensheni, ana daktari. Hakosi kitu, alisema, na akaisogeza redio kidogo ili anipe nafasi mezani.

Asubuhi yake nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Hata hivyo alienda mpaka mlango wa jiko, akashika fremu, akaita jina langu kwa nguvu, "Mwajuma!" huku amegeukia ukumbi mtupu. Tukacheka wote wawili mpaka maziwa yakachemka yakamwagika.

Chumba cha mkutano

Hapa ndipo penye kile kipande.

Chumba kilikuwa na meza ya duara na chupa ndogo za maji. Mwenyekiti alikuwa bwana mrefu mwenye miwani ya dhahabu, mpole, anayemsikiliza kila mtu akiwa ameinamisha kichwa. Siku ya kwanza walibishana kuhusu ajira, nyumba na afya. Vitu hivyo vinahesabika, kwa hiyo vilienda haraka. Siku ya pili wakafika kwenye sentensi yenyewe, ile ya kusema ustawi wa jamii ni nini. Mwenyekiti alikuwa na pendekezo: ni hali ya mtu kuweza kusimama mwenyewe bila kumtegemea mwingine.

Msichana wa Finland, Aino, rika langu, akapinga. Akasema babu yake amesimama mwenyewe hivyo hivyo. Ana nyumba, ana joto, ana hela. Alianguka bafuni akakaa siku mbili sakafuni, kwa sababu hakuna mlango duniani ambao ungeshangaa kutomwona. Akasema sentensi ile lazima iwe na mtu wa kukugongea. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba serikali haiwezi kupima hodi. Aino akasema basi wajifunze. Watu wakacheka, na nikaona wengine wanaanza kuandika maneno yake. Moyoni nilikuwa upande wake mzima mzima. Nilikuwa na korido nzima ya kumpa.

Ndipo mwenyekiti akasema tusikie kutoka mbali, akachukua karatasi ya maswali waliyokuwa wanaijaribu, akanigeukia. Aliuliza, juma lililopita nyumbani, kulikuwa na siku ambayo hakukupikwa chakula kwenu?

Jibu la kweli ni siku sita.

Nililiona jibu hilo limekaa mezani kabla sijalisema. Siku sita. Niliona macho yao yatakavyokuwa, nikaliona bango la kituoni, lile bakuli, na kwamba sasa mtoto wa picha atakuwa na jina langu. Miss Govender alikuwa ananiangalia kwa matumaini. Kueleza zamu kungehitaji sentensi kumi, na mimi nilikuwa na pumzi ya moja.

"Hapana," nikasema. "Mama yangu anapika kila siku. Sisi hatumtegemei mtu."

Sikunong'ona. Kwa mara ya kwanza maishani sauti yangu ilitoka safi. Mwenyekiti akairudia, taratibu, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza: hata kule, familia ya mfanyakazi inasema hatumtegemei mtu. Mama mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata. Wakaiandika kwenye karatasi kubwa ukutani. Aino alinitazama, akafunga kalamu yake, na siku ile hakusema tena.

Kabla ya kufunga walitupiga picha mmoja mmoja, na siku ya mwisho kila mtu akapewa ukurasa uliochapwa. Wangu ulikuwa na picha yangu ndani ya koti la Mama Espe, na chini yake sentensi ile kwa herufi nene.

Madamu Odile alikuja kunichukua. Akausoma ukurasa mlangoni, amesimama, miwani mkononi. Kisha akaniuliza swali moja, bila hasira.

"Na yule mama anayeita, umemweka wapi?"

Nikauchukua ukurasa, nikautia mfuko wa ndani wa koti. Asubuhi ya kuondoka aliniita tena kula, lakini safari hii sikucheka.

Kurudi

Kurudi ni kufupi kusimulia. Miss Govender alitaka ukurasa wangu aubandike kwenye ubao wa shule. Nikamwambia nimeupoteza. Ulikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, na koti lilikuwa mapajani, kwa sababu kadiri tulivyoshuka kuelekea baharini ndivyo lilivyozidi kuwa kitu cha kichaa kulivaa. Basi liliposimama kwenye robot ya mwisho, zile taa za barabarani, nikaona wanawake wamebeba mifuko ya unga wanavuka, nikatamani taa isibadilike.

Nilipanga niuchane ukurasa nikifika. Nikafika, watu wakanikumbatia, nikala, nikalala mchana kutwa kama jiwe.

Koti linarudi

Nilipoamka koti halikuwepo. Mama alikuwa amelipiga brashi, ametia pakiti ya chokoleti niliyoleta kwenye mfuko wa nje ili lisirudi tupu, amelipeleka.

Niliruka bila viatu. Nikasimama nje ya mlango wa Mama Espe, uliokuwa nusu wazi. Kwa desturi yetu mwenye kitu anatafuta zawadi, na Mama Espe ni mtu wa kutafuta mpaka mwisho. Alishapata chokoleti, sasa alikuwa ameingia mfuko wa ndani. Akatoa ukurasa, akaona picha, akapiga kelele ya furaha, koti lake limefika gazetini! Mama akacheka. Majirani wawili wakaingia. Na mimi, mjinga, niliyekaa na Wakongomani miaka yote hii, ndipo nilipokumbuka vizuri kwamba nusu ya ule ukurasa ni Kifaransa.

Alianza kuusoma kwa sauti kama anasoma kanisani. Jina langu. Durban. Kisha sauti ikapungua, ikafika kwenye herufi nene, ikakata.

"Ah bon," akasema, yaani kumbe.

Mama, ambaye hajui Kifaransa, akauliza wameandika nini. Nikashika ukuta.

"Iko picha tu," Mama Espe akasema. "Amependeza." Akaukunja mara nne, akautia kifuani.

Hakunisema kwa mama. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, mpaka ilipofika Alhamisi.

Alhamisi aliita, "Batoto, mukuye!" Tukaenda. Wenzangu wakakaa mkekani kuzunguka sinia. Mimi nilipotaka kukaa, akanishika mkono kwa adabu kubwa.

"Hapana, mugeni wetu. Karibu ku kiti."

Kiti kilikuwa kimewekwa peke yake, na stuli mbele yake. Sahani ya kioo. Uma. Kitambaa kilichokunjwa pembetatu. Akanipakulia yeye mwenyewe, sombe, yaani kisamvu, na samaki kipande kizuri kuliko vyote, akaniuliza kama chumvi inatosha. Claudine, wewe ulicheka ukadhani ni utani wa Ulaya. Nilikula kila kitu kwa uma, juu ya kiti, nikiangalia mikono yenu ikigongana kwenye sinia. Tulipomaliza nikainuka kuchukua sufuria nikasugue. Akaniondoa mbele yake kama vile nimeshika moto. "Mugeni hasugui."

Jumanne ikawa hivyo tena. Kiti, uma, kitambaa. Mdogo wake Claudine akauliza kwa nini Mwajuma hali na sisi, Mama Espe akamjibu kwamba watu wasiotegemea mtu wanakula hivyo. Alisema kwa sauti ya kawaida, akinipa maji.

Mnasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilisubiri hiyo ya tatu kama mgonjwa. Alhamisi nilipoingia sikungoja kukaribishwa. Nikaketi mkekani.

"Mugeni hakai chini," akasema.

"Nilidanganya," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ila niliendelea. "Waliuliza kama kuna siku kwetu hakupikwi. Ni sita. Nikaona haya. Nikasema mama anapika kila siku."

"Haya ya nini? Ya bugali yangu?"

"Ya kuitwa. Nilidhani watatuona ombaomba."

Mama Espe akaweka mwiko chini. "Na koti? Ulidhani iliota ku mwili wako kama manyoya?"

Hakuna aliyecheka, hata wewe Claudine. Nikamweleza yaliyobaki, Aino na babu yake, na jinsi sentensi yangu ilivyomnyamazisha mtu aliyekuwa anatusemea bila kutujua. Nikamweleza Madamu Odile na jiko lake, na swali aliloniuliza mlangoni. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika kidogo. Akauliza yule mama sasa nani anamwita. Nikasema hakuna. Akatikisa kichwa muda mrefu.

Akatoa ukurasa kifuani, akanipa, akasema nitamwandikia yule bwana wa miwani nimpe hesabu ya kweli, na nitamwandikia mama yule salamu zake. Nimeandika zote mbili. Bwana hajajibu. Pale ukutani kwao mimi bado simtegemei mtu, na huenda kuna sera imeandikwa juu ya hilo.

Tulikula. Sinia, mikono, hakuna kiti. Mama Espe alipoinuka alichukua ile sufuria kubwa, ile isiyojua nguruwe, akaniwekea miguuni. Ukoko ulikuwa umepanda mpaka ukingoni, siku hiyo nafikiri aliuacha uungue makusudi.

Nikaibeba mpaka jikoni, nikajaza maji, nikaanza kusugua. Hakikutoka kitu. Ukaja wewe Claudine, ukasimama kando yangu, ukauliza kama nisaidiwe. Neno la kawaida yangu lilishafika mdomoni, lile la naweza mwenyewe, nimeshiba, sijamsumbua mtu.

Nikairarua stilwaya katikati, nikakupa nusu.